Maharage Barazani kwa Gavana

Hapo zamani, intaneti ilipokuwa ikipanda milima kwa kuhema kama punda, Bi Saumu alimwuliza mumewe kama ameloweka maharage. Pandu Ngwali akajibu, "Nimeloweka," naye hakuwa ameloweka. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho, kwani asubuhi Bi Saumu hakuamka.

Walikuwa wametoka Unguja kwenda kuishi Warankaya, mji ulio juu kabisa katika milima ya Amerika ya Kusini, hewa yake haba na kodi yake ndogo. Huko Pandu alikuwa akitafsiri barua kwa kompyuta, bila kutoka chumbani, na tajiri wake alikaa katika mji wa bandari, mbali sana, kando ya bahari. Basi akamzika mkewe mlimani, mahali panapoonekana kutoka dirishani kwake, akaendelea kutafsiri.

Ikawa wageni wa kazi za namna hiyo wamezidi, na Gavana Don Eriberto akatoa amri kwamba kila mgeni atalipia chumba, mkate na maji kwa bei ya mji anakokaa tajiri wake, na asiyeweza ateremke mlima. Kodi ya Pandu ikapanda mara sita. Hata kinyozi, kwa malipo yale yale ya zamani, akamnyoa shavu moja, akamwambia la pili ni la mwezi ujao.

Pandu hakutaka kuliacha dirisha lile. Basi akatia maharage mfukoni, akaenda barazani na ndevu za upande mmoja.

"Ewe mgeni," akasema Gavana, "umekuja kulipa au kuaga?"

"Kulipa, Mheshimiwa. Ila nikitoa bei ya bandarini, nitapata mambo ya bandarini?"

"Msikilizeni Nusu-ndevu!" wakacheka watu wa baraza.

Gavana akaapa mbele yao: "Utapata yote. Kikipungua kimoja, amri yangu imekufa."

"Basi tuanze na chakula," akasema Pandu, akitoa maharage mfukoni. "Bandarini haya huiva kwa saa mbili."

Na desturi ya baraza lile ilikuwa kwamba mgeni akiinjika chungu, hapana alaye wala ainukaye mpaka kiive. Pandu akainjika. Maji yakachemka upesi, Gavana akatabasamu. Lakini juu kule maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na maharage yakakaa ndani yake kama watu walio kwenye matembezi. Saa mbili zikapita. Adhuhuri ikapita. Waziri akaanza kutafuna mkanda wake.

"Ongezeni kuni!" akaamuru Gavana.

"Tumeongeza, Mheshimiwa. Yanachemka zaidi, hayaivi zaidi."

Alasiri Gavana akachota moja, akalitafuna, na jino likatoka.

"Kumepungua nini?" akauliza, amelishika jino mkononi.

"Hewa, Mheshimiwa. Ya bandarini ni nzito, hukandamiza maji mpaka yawe na moto wa kweli. Niletee hiyo, nami nitalipa hata leo."

Gavana akatazama juu, kama atakayemtuma mtu akailete. Kisha akacheka, kicheko kikipita penye pengo kwa mluzi, akasema amri imekufa, Pandu akae kwa kodi ya wenyeji maisha yake yote, na shavu la pili linyolewe kwa gharama ya serikali.

Asubuhi ya pili yake Pandu alipanda kaburini na bakuli la maharage yaliyolala majini, yamevimba vizuri. Akaliweka juu ya udongo.

"Nimeloweka," akasema, akarudi kazini.