Shati Lililoziba Ukingo

Kijiji kimoja cha mlimani kilikuwa na bwawa moja na mfereji mmoja. Maji ya chemchemi yalijikusanya bwawani usiku kucha. Asubuhi mlango wa bwawa ulifunguliwa, yakateremka mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Mwaka mmoja mvua zilipungua. Wezi wa maji wakaanza kutoboa kingo za mfereji, na mahindi ya wenye zamu yakakauka huku ya wengine yakistawi. Watu wakakutana, wakachagua mlinzi.

Mlinzi huyo aliitwa Mbonea. Hawakumchagua kwa ukali wake. Walimchagua kwa sababu alikuwa mtu wa huruma, aliyezoea kuwatwisha vikongwe ndoo zao na kuwavusha watoto wakati wa tope. Wakakata fimbo ya mti mgumu. Kila mmoja aliigusa kabla haijafika mkononi mwa Mbonea, ili ijulikane kwamba ni fimbo ya kijiji. Wakamwambia maji yasipotee. Hakuna aliyemwambia ampige nani, wala kwa kiasi gani, wala aulize nini kwanza.

Mwanzoni Mbonea aliuliza kabla ya kuinua mkono. Wengine walimdanganya, maji yakapotea, na watu wakamcheka. "Tumekupa fimbo ya kutembelea, babu?" walisema. "Wewe ni mlinzi au ni mkwe wao?" Basi akaacha kuuliza. Alipoacha kuuliza, maji yakafika mashambani, na watu wakamsifu. Walisikia vilio kule juu, wakasema hao ni wezi, wakaendelea kupalilia.

Katika kijiji hicho aliishi mtu aitwaye Kiangi, pamoja na mkewe Namsifu na binti yao mdogo, Nakijwa. Asubuhi moja Kiangi alikuwa akipita kando ya mfereji, jembe begani. Zamu ya siku hiyo haikuwa yake, ilikuwa ya jirani. Akaona fuko amechimba tundu ukingoni na maji yanavujia korongoni. Akavua shati lake, akalisokomeza tunduni, kisha akainama kukata udongo wa kulifunika. Sasa, mtu aliyeinama ukingoni na jembe huonekana vilevile kwa mbali, awe anatoboa au anaziba. Mbonea alimwona kwa mbali. Alifika mbio, hakuuliza. Alimpiga Kiangi akiwa ameinama, akampiga tena alipoinua mikono, akampiga hata alipokuwa amelala chini, hana la kufanya. Kiangi alirudishwa nyumbani kwenye machela ya matawi, na kabla jua halijatua akakata roho.

Waliokwenda kumchukua waliliona lile shati. Wakaelewa. Mmoja wao alitaka kulitoa ampelekee mkewe Kiangi, lakini mwenzake akamshika mkono, maana likitoka maji yatapotea. Wakalishindilia udongo juu yake, wakaondoka. Kijiji kikaendelea kumwagilia.

Sitaki mseme kwamba watu wale walikuwa wabaya. Namsifu hakuachwa peke yake. Wanawake walikuja kumpalilia shamba kabla ya kupalilia ya kwao. Mmoja alimletea maziwa na kukaa naye mpaka anywe. Mzee fulani, aliyejulikana kwa ubahili, alimwekea kuni mlangoni akaondoka bila kubisha hodi, ili asimpe taabu ya kushukuru. Na kila asubuhi Namsifu aliukuta mtungi wake wa nje umejaa maji. Alizitambua nyayo zilizobaki kwenye tope. Zilikuwa za Mbonea.

Walimpa kila kitu isipokuwa neno moja. Hakuna aliyesema kwamba Kiangi hakuwa mwizi, kwa kuwa aliyesema hivyo angelazimika kusema pia aliuawa kwa nini. Na watoto, ambao husikia hata yale wakubwa wasiyoyasema, wakajisemea wenyewe. Nakijwa alipokwenda kuteka maji walipiga kelele, "Funikeni ndoo! Mtoto wa mwizi wa maji anapita!" Siku hiyo alirudi na ndoo tupu. Akasimama mlangoni, akauliza, "Mama, baba aliiba maji ya nani?"

Namsifu alimtamani mumewe. Alitamani kulisikia jembe likiegemezwa ukutani, na ile sauti iliyouliza kila jioni kama kuna uji uliobaki, hata kama ulikuwa umepoa, kwa sababu Kiangi aliupenda hivyo. Hilo alijua halitakuja. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo lingeweza kuja, na kwa kuwa lingeweza kuja, ndilo lililomnyima usingizi.

Kijijini hapo kulikuwa na desturi. Aliyebomoa ukingo, awe mtoto aliyeuchezea au mtu ambaye ng'ombe wake ameukanyaga, huitwa bwawani siku ya kugawa zamu. Husimama mbele ya wote, husema, "Ni mimi," hueleza ilivyokuwa, kisha huanza kuziba. Akishaanza, kila aliyepo huongeza bonge lake la udongo, na baada ya hapo hakuna ruhusa ya kumsuta. Namsifu mwenyewe alikwisha kusimama pale alipokuwa msichana, mbuzi wake walipofanya uharibifu. Alikumbuka alivyotetemeka. Alikumbuka pia mikono ya watu ilivyokuja na udongo, mmoja baada ya mwingine, mpaka akajikuta anacheka. Mikono hiyo ndiyo aliyoitamani sasa. Aliitamani kwa ajili ya Kiangi, kwa ajili ya Nakijwa, na kwa ajili ya yule mwenye nyayo pia.

Siku ya kugawa zamu ilipofika akaenda, amemshika binti yake mkono. Mgawa maji, Mzee Kibacha, alipomaliza kutaja zamu, Namsifu akasimama, akaomba Mbonea aulizwe.

"Aulizwe nini tena, Mama Nakijwa?" akasema Mzee Kibacha. "Pole tulikupa, na tunaendelea kukupa. Tukianza kumhoji mlinzi, kesho nani atakubali kulinda? Unataka mahindi ya watoto wetu yakauke?"

"Baba, sitaki apigwe wala sitaki afukuzwe," akasema Namsifu. "Ng'ombe akikanyaga ukingo, mwenye ng'ombe huitwa hapa akasema. Mume wangu amekanyagwa. Mbona hamwiti mtu?"

Ndipo Mbonea, aliyekuwa amejitenga nyuma, akapita katikati ya watu kuja mbele. Alikuwa amekonda. Akailaza fimbo chini, akafungua mdomo. Namsifu aliuona mdomo ule ukifunguka, na moyo wake wote ukaenda hapo. Hakuwa anamchukia. Alikuwa anamngoja, kama mtu anavyomngoja aliyebeba barua ya ndugu yake wa mbali.

"Kaa chini, Mbonea," Mzee Kibacha akamwahi. "Hapa hakuna aliyekuuliza."

"Kaa bwana, kaa!" wengine wakadakia. Walijua kwamba akianza kueleza ilivyokuwa, ataanzia mbali. Atasema ni akina nani waliomcheka alipokuwa akiuliza, na ni akina nani waliomsifu alipoacha. Atalitaja na shati. Mtu mmoja akafungua haraka mlango wa bwawa, maji yakatoka kwa kishindo, na wenye zamu wakayakimbilia na majembe yao. Wengine waliompita Namsifu walimgusa bega kwa upole. Walimgusa kwa upole kweli, na wakaenda zao.

Mbonea hakuiokota tena fimbo. Kijiji kikampa mtu mwingine, kijana mwenye nguvu, na huyo naye hakuambiwa aulize nini kwanza.

Namsifu bado huja kila siku ya kugawa zamu na kusimama mahali palepale na binti yake. Mbonea naye huja, akasimama upande wa pili wa bwawa, mikono mitupu. Hutazamana juu ya maji. Hakuna anayewafukuza, na wapo hata wanaowasalimu kwa heshima na kuwauliza habari za afya.

Ninyi mnaokunywa maji ya mfereji ule, nijibuni: ikiwa aliyepiga yuko tayari kusema, na aliyefiwa yuko tayari kusikia, ni nani huyo aliyesimama katikati yao?