Ndugu Wawili Waliopishana Angani

Wapendwa, kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, mkubwa akikaa Dar es Salaam na mdogo wake Mwanza. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Unapewa juisi, hujaimaliza, unaambiwa ufunge mkanda. Lakini ndugu hawa walikuwa hawajaonana miaka tisa. Walitupiana maneno mazito mbele za watu siku ya kumzika baba yao, na tangu siku hiyo hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Siku moja wakiwa mezani, binti wa yule mkubwa akamwuliza, "Baba, hivi wewe ulizaliwa peke yako?" Chakula kikamshinda. Kesho yake akakata tiketi. Akamwambia mkewe, "Usimwambie mtu. Akijua naenda, atanifungia mlango."

Ndani ya ndege hakutulia. Anafungua mkanda, anafunga. Anatazama saa. Akamwuliza mhudumu, "Binti, bado sana?"

"Bado dakika arobaini, mzee."

Akangoja, akauliza tena. Zilikuwa zimebaki thelathini na tano. Jamani, miaka tisa ilimpitaje mtu huyu, halafu dakika tano zikagoma kwisha?

Akafika Mwanza, akachukua teksi, akapiga hodi. Akafungua mke wa mdogo wake, akabaki anamkodolea macho.

"Shemeji, mbona umekuja wewe? Mdogo wako ameondoka na ndege ya asubuhi, amekufuata Dar. Alinikataza nisikupigie. Alisema, kaka akijua naja, atatoka nyumbani."

Hapo hapo simu yake ikaita. Ni mkewe. "Kuna mgeni hapa. Kakaa ukingoni mwa kochi, chai hajaigusa. Nimwambie nini?"

"Mpe simu."

Mdogo akaipokea. Kila mmoja anasikia mwenzake anavyohema.

"Mdogo wangu, niko kwako."

"Na mimi niko kwako, kaka."

Yule mkubwa akaketi pale pale kizingitini, akalia.

Ndugu zangu, nani aliwatenga watu hawa? Ni kilomita? Kila mmoja alimwekea mwenzake mdomoni neno ambalo hakulisema: "Sikutaki." Kisha akakaa miaka tisa akiliogopa neno alilolitunga mwenyewe. Na sisi ndivyo tulivyo. Tunamjibia ndugu, tunamjibia jirani, tunamjibia hata Mungu. Tunasema hatatupokea, kumbe yuko njiani anatutafuta.

Mimi ninayewahubiria nina namba kwenye simu yangu sijaigusa tangu mwaka juzi. Leo mtaniwia radhi, sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nitakuwa kule nyuma ya kanisa, napiga simu. Msinisubiri. Pigeni zenu.