Jina Lililozikwa Karibu na Korongo

Hapo zamani, kabla yangu na kabla yenu, sauti moja ilisikika usiku katika nchi kavu ya Ugogo. Huuu. Ilisikika mara moja tu. Ilitoka porini, ng'ambo ya korongo, ikapita juu ya mapaa bapa ya tembe, ikanyamaza. Watu wakageuka kwenye ngozi walizolalia, wakasema, "Mbwa mwitu hao," kisha wakalala tena.

Asubuhi wakakuta boma la miiba limetobolewa na mbuzi kumi na mmoja wamelala vumbini. Mmoja alikuwa ameliwa, tena nusu tu. Kumi waliobaki walikuwa wamechanwa masikio na kung'atwa miguu ya nyuma, wakaachwa hivyo hivyo, na nzi juu yao.

Aliyechunga mbuzi wa kijiji kile alikuwa mwanamke, mjane asiye na mtoto, aliyeishi na mama yake katika tembe la mwisho. Jina lake ninalijua. Sitalitaja sasa, na mtaona kwa nini. Kwa leo tumwite mchungaji.

Mkuu wa kijiji, Ndahani, alisimama katikati ya mizoga, mikono nyuma.

"Mbwa mwitu," akasema. "Jana wote tuliwasikia."

"Mzee Ndahani, mbwa mwitu hawaui hivi," mchungaji akasema. "Mbwa mwitu hula alichokiua. Akimwangusha swala asubuhi, jua halijapanda limebaki fuvu na ngozi. Angalia hawa. Kumi hawajaguswa matumbo. Huyu ni mnyama anayeua bila kujua anaua kwa nini."

"Na ile sauti?"

"Ile ni sauti ya aliyepotezana na wenzake. Anauliza mko wapi. Anayewinda hapigi kelele."

"Heee!" akadakia mwanamume mmoja kwa nyuma. "Lugha yao umeijulia wapi, dada? Umeolewa huko?"

Watu wakacheka. Ndahani naye akacheka. Mchungaji hakucheka.

"Nimewatazama kwa viangazi vitatu," akasema. "Wako kumi na wanne wakubwa. Wanalala kwenye shimo la muhanga, kule kwenye miti ya migunga. Mmoja ni kiwete, alivunjwa mguu na ngiri. Hawindi tena, lakini hajafa njaa. Wenzake wakishashiba wanarudi mbio, wanamtapikia nyama. Wanawatapikia watoto, halafu wanamtapikia yeye. Wakizaa, mimi huhamishia mbuzi upande wa pili, na sijawahi kupoteza hata mmoja."

"Kumbe ulijua wanapolala," Ndahani akasema, "na ukatuficha."

"Sikuwaficha. Nendeni mkaangalie wenyewe. Mkikuta manyoya ya mbuzi pale shimoni, niiteni mwongo. Halafu mkirudi, angalieni midomo ya mbwa wenu."

Hapo kicheko kikakatika.

Maana katika kijiji kile mbwa ndiye mlinzi wa mtama. Ndiye anayekesha shambani ngiri wakija. Ukimtukana mbwa wa mtu umetukana nyumba yake, na mchungaji alikuwa ametukana nyumba zote kwa sentensi moja.

Ndahani akamwita Chidumizi. Chidumizi alikuwa msoma nyayo. Angeweza kukuambia ng'ombe aliyepita jana alikuwa na mimba au hana. Akazunguka zizi, ameinama. Akatoka, akaenda hatua ishirini kuelekea kwenye nyumba, akasimama. Akarudi.

"Zimeenda porini, sivyo?" Ndahani akamuuliza.

Chidumizi akatazama chini.

"Ndivyo, mzee. Zimeenda porini."

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mchungaji aliyesema uongo juu ya mifugo iliyokufa hapigwi wala hatozwi kitu. Huzikwa jina. Hilo lilifanyika jioni ile ile. Walichimba shimo dogo karibu na korongo, wakapanga mstari, na kila mtu akainama, akalitamka jina la mchungaji ndani ya shimo, mara ya mwisho. Wakubwa walilitamka, watoto wakalitamka. Nyemo, rafiki yake aliyetwanga naye kinu kimoja tangu wakiwa wasichana, alilitamka kwa sauti ndogo sana. Kisha wakafukia. Mchungaji akavuka korongo na kibuyu kimoja na ngozi moja, akajenga kibanda ng'ambo.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumwita. Na mama yake, ambaye kijiji kizima kilikuwa kikimwita kwa jina la huyo binti, mama wa fulani, mama wa fulani, naye akabaki hana la kuitwa. Wakaanza kusema "bibi wa tembe la mwisho." Na yeye, akitaka kumtaja mwanawe, alisema "yule wangu," akinyoosha kidole ng'ambo.

Vijana wakaenda kwenye miti ya migunga. Shimo walilipata upesi, kwa kuwa mchungaji mwenyewe alikuwa amewaeleza njia. Hawakukuta manyoya ya mbuzi. Walikuta mifupa ya swala na digidigi. Wakaitazama mifupa, wakatazamana, halafu wakafanya walichokuwa wamekuja kufanya: wakaacha mapande ya nyama yenye sumu, wakapanda mti kuangalia.

Mbwa mwitu wakaja. Wakala. Kisha, kama ilivyo ada yao, wakarudi shimoni mbio, wakawatapikia watoto. Wakamtapikia kiwete. Sumu ikawafikia hata wale ambao hawakutoka kuwinda.

Vijana walirudi kijijini wakitaka kuisimulia kama mchezo. Mmoja akaanza. Alipofika pale kwa kiwete akasema, "Basi, wamekufa," akaenda kunawa mikono. Akanawa tena.

Habari ikavuka korongo. Mwanamke mmoja aliyekwenda kuchota maji alimkuta mchungaji ameketi kando ya kisima, kibuyu kimejaa, hakinyanyui. Alikuwa akisema peke yake: "Mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia." Mwanamke yule akageuza uso, akachota, akaondoka. Kumjibu ilikuwa marufuku.

Kiangazi kikapita. Ngiri waliokosa wa kuwakimbiza wakaingia kwenye mtama na watoto wao nyuma, mikia juu. Digidigi wakamaliza kunde. Masika yakaja, yakaenda. Kiangazi cha pili nacho kikafika mwisho, mawingu yakaanza kujikusanya, na ndipo, alfajiri moja, mbuzi wakalia.

Safari hii hapakuwa na huuu. Pori lote lilikuwa kimya. Watu wakakimbilia zizini na mienge, wakakuta mbuzi tisa wamelala vumbini, masikio yamechanwa, miguu ya nyuma imeng'atwa. Na katikati yao, midomo ikiwa na damu, wamesimama mbwa wanne: Kachero wa Nyemo, mbwa wawili wa Chidumizi, na yule dume mkubwa wa Ndahani.

Mbwa walipowaona mabwana zao, wakatikisa mikia.

Hakuna aliyewapiga. Watu walisimama na mienge yao mpaka jua likatoka na mwanga wa mienge ukawa hauna maana, na bado hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtazama mwenzake.

Kukaitwa mkutano. Bibi wa tembe la mwisho alikuwa mgonjwa kwa mwezi mzima, hali, hanywi ila uji wa kulambishwa. Na kila mtu aliona mawingu. Mvua ikinyesha kule mlimani, korongo linajaa kwa siku moja, na likishajaa halivukiki mpaka masika yaishe. Bibi yule asingefika mwisho wa masika. Kwa hiyo jina lilitakiwa lifukuliwe siku ile, na siyo kesho.

Lakini kufukua jina nako kuna desturi yake. Hafukui yeyote tu. Sharti afukue yule ambaye kosa lilitokana naye. Asimame kwenye shimo, aliite jina kuelekea ng'ambo, aliyefukuzwa arudi. Na yeye aliyeita aliache jina lake mle shimoni, avuke, akae ng'ambo idadi ile ile ya misimu. Akiita asiye mwenye kosa, jina linakuwa upepo tu. Aliyefukuzwa halazimiki kurudi.

Walienda wote mpaka shimoni. Ng'ambo, mchungaji alikuwa nje ya kibanda chake, amesimama, anatazama.

Nyemo akaanza. "Siku ile ya kwanza," akasema, "Kachero alirudi alfajiri na damu mdomoni. Nilijua. Nikamwosha kwa maji ya kunywa, jamani, kiangazi kile, maji ya kunywa! Nikaja zizini mikono yangu bado imelowa. Jioni nikamwona rafiki yangu anazikwa jina, nikanyamaza. Lakini mimi sikumhukumu. Kama Chidumizi angesema alichokiona, ukimya wangu usingemdhuru mtu."

Chidumizi akasema, "Unanitupia mimi? Ni kweli, nyayo zilikuja kwenye nyumba. Niliziona wazi kama ninavyokuona. Nilitaka kusema. Mzee akaniuliza, zimeenda porini, sivyo? Kwa sauti ile. Mbele ya watu wote. Ulimi ukaitikia kabla yangu. Nilisema uongo, sikatai. Lakini sikuua mbuzi. Mbwa walikuwa wameacha kulala majumbani. Nani aliwafanya wazurure usiku? Muulizeni mzee."

Watu wakageuka kwa Ndahani. Kila mtu alikumbuka. Mwaka ule Ndahani alikuwa na jando la mwanawe. Aliamuru mtama wote wa ziada, mpaka pumba, utengwe kwa ajili ya pombe ya sherehe. Mtu alipouliza mbwa watakula nini, alisema, "Wana miguu, wajitafutie." Watu walicheka siku hiyo pia. Na mbwa wakajitafutia, wakazoea.

"Sikujua," Ndahani akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilikata chakula cha mbwa, ndiyo. Nilimcheka, ndiyo. Lakini sikuficha damu. Sikuona nyayo nikazikana. Niliamini. Mtu anahukumiwaje kwa kitu alichokiamini?"

"Alikuambia, mzee," Nyemo akasema. "Alikuambia ukaangalie midomo."

"Na wewe ulikuwa unajua!"

"Na wewe hukutaka kujua!"

"Jamani," Chidumizi akasema, "shusheni sauti. Anatusikia."

Wakageuka kutazama. Ng'ambo, mchungaji hakuwa amesogea. Hakuita, hakupunga mkono. Alisimama tu kama mtu anayengoja watu wamalize kula ndipo aulize kama kuna kilichobaki.

Hapo kikasikika kikohozi. Wajukuu wa jirani walikuwa wamembeba bibi juu ya ngozi, mmoja kila pembe. Wakamlaza kando ya shimo. Wazee wakampisha.

"Shikamoo, bibi," Ndahani akasema, akatazama pembeni, kwa sababu neno "bibi" lilikuwa si jina lake.

"Marahaba." Bibi akavuta pumzi. "Ndahani, mimi sikuja kusikia nani kakosa zaidi. Hayo mtayamaliza mkiwa na nafasi. Nimekuja kusikia jina la yule wangu. Mimi siwezi kuita, mlinikataza, na mimi si mwenye kosa. Nikiita ni upepo. Aite mwenye nalo. Masikio yangu bado yapo. Lakini si ya kuweka akiba."

Ngurumo ikasikika mlimani. Tone moja likaanguka kwenye vumbi la shimo, likaacha alama. La pili likaanguka kwenye mkono wa bibi, hakulifuta.

Nyemo akainamisha kichwa. Chidumizi akainamisha kichwa. Ndahani, ambaye alikuwa hajawahi kuinama mbele ya mtu, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Na watu wote waliokuwa wamecheka siku ile ya kwanza, waliolitamka jina shimoni mmoja mmoja kisha wakaenda kula, nao wakainama. Hakuna uso uliobaki juu. Ukitazama kutoka ng'ambo ungeona visogo tu.

Basi nawauliza nyinyi mliokaa hapa. Mmoja alikata chakula cha mbwa, hakujua, wala hakutaka kujua. Mmoja alijua, akaosha damu, akanyamaza rafiki yake akizikwa jina. Mmoja aliona ukweli ardhini kwa macho yake, akasema kinyume kwa kuogopa sauti ya mkubwa. Je, nani alistahili kuliita jina, na kuvuka korongo akaliache lake? Na ikiwa atakayeita ni mwingine, mchungaji arudi, au abaki alipo?

Semeni upesi, msinitazame mimi. Maji yameanza kushuka, bibi amefumba macho anasikiliza, vichwa vyote viko chini, na pale shimoni mtu mmoja, sijui ni yupi kati yao, maana hakuna aliyekuwa akitazama, ameshafungua kinywa:

"Mbeleje!"