Nyayo za Mfinyanzi

Mguu usiolia ndio wa kutazamwa. Mmecheka, wajukuu zangu, mkaniuliza mguu hulia kwa mdomo gani. Basi sikilizeni. Methali hii ilianzia huku huku milimani Upare, kwa mfinyanzi mmoja mjane aliyeitwa Nakiete.

Nakiete alikuwa akiulowesha udongo, akivua viatu na kuukanyaga polepole. Kila kijiwe kilichojificha, nyayo zake zilikikuta, naye akakitoa. Kijiwe kikibaki ndani, chungu hupasuka motoni. Vyungu vya Nakiete havikupasuka.

Mwaka mmoja vikaanza kupasuka. Majirani wakanong'ona kwamba ana mkosi, na wanunuzi wakahamia kwa wengine. Vyungu ndivyo vilivyokuwa shamba lake. Akazidi kukanyaga, kwa nguvu zaidi.

Asubuhi moja Namkunda, mke wa mwanawe, akapiga kelele.

"Mama, udongo una damu!"

"Damu ya nani?"

"Ya nani tena? Inua mguu!"

Kigae cha chungu kilikuwa kimezama kwenye unyayo, na Nakiete hakuwa amesikia maumivu yoyote.

Walikwenda zahanati. Tabibu Kallaghe alikitoa kigae, akafunga jeraha, kisha akamwambia afumbe macho na aseme kila atakapoguswa mguuni. Nakiete akangoja. Akangoja sana.

"Baba, anza basi. Nimeacha udongo unakauka."

"Nimekwisha maliza, mama. Nimegusa vidole vyote."

Nakiete akafumbua macho, akaitazama miguu yake kama ya mgeni.

Tabibu akamweleza, nami niliyasoma hayo baadaye katika masomo ya jioni, nikakuta ni kweli. Chini ya ngozi zimo nyuzi nyembamba ziitwazo neva. Ukikanyaga mwiba, hupeleka habari mpaka kwenye uti wa mgongo. Uti huuamuru mguu ujitoe upesi, hata kabla ubongo haujajua. Habari ikifika kwenye ubongo, ndipo unapolia.

"Sukari imezidi katika damu yako," akasema Kallaghe. "Imeziharibu nyuzi za miguu."

"Kwa hiyo miguu imekufa?"

"Haijafa, imekuwa bubu. Ikiumia haitakwambia. Kidonda usichokijua ndicho kitakachofanya ukatwe mguu. Acha kukanyaga udongo."

"Na mikono?"

Akamfumbisha macho tena, akamgusa kidole kwa unyoya.

"Hapo!" akasema Nakiete papo hapo. "Basi mikono itatafuta vijiwe, na macho yatailinda miguu. Kuacha udongo, siachi."

Na hakuacha. Alikunywa dawa zake, akavaa viatu hata ndani ya nyumba. Udongo aliukanda kwa viganja, kidogo kidogo, mgongo ukimuuma. Vyungu vikatoka motoni vizima, na wanunuzi wakarudi wakijifanya hawakuwahi kuondoka.

Kila jioni aliosha miguu, akaikausha katikati ya vidole, kisha akaweka kioo chini ya nyayo. Namkunda akamtania:

"Mama, unajitazama miguu kama bibi harusi! Kwani inakuuma?"

"Ingekuwa inauma, mwanangu, ningelala zangu. Mguu unaolia hujiombea wenyewe. Mguu usiolia ndio wa kutazamwa."

Alizeeka akifinyanga, akazikwa na miguu yake yote miwili.