Kindi, Mama Kasa na Mrija wa Mpapai

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia nyua zao kama sisi, kulikuwa na kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe pande zote. Ufukweni, juu ya mti wa mkungu, aliishi Kindi. Alikuwa mdogo kama ngumi, mwepesi kama cheche. Kila siku aliitazama bahari, na kila siku aliiogopa. Wimbi likipiga pwaa! yeye yuko tawi la juu kabisa.

Asubuhi moja akasikia mtu anahema. Hhhh! Hhhh! Akachungulia chini. Alikuwa Mama Kasa, aliyepanda ufukweni usiku akataga mayai yake mchangani, chini ya mkungu. Sasa mzizi wa mkungu umemnasa, na jua linaanza kuwaka.

"Shikamoo, Mama Kasa. Kulikoni?"

"Marahaba, mwanangu. Nimenasa. Jua likipanda nitakaukia hapahapa."

Kindi akashuka, pruuu! Akautafuna ule mzizi, kwa-kwa-kwa-kwa, mpaka ukakatika.

"Nikupe nini, mwanangu?" Mama Kasa akasema. "Sina kitu. Labda nikupeleke kwangu ukapaone."

"Kwako? Majini? Nitapumulia wapi, mama, mkiani?"

Mama Kasa akacheka mpaka gamba likatikisika. "Hata mimi navuta hewa hiihii unayovuta wewe. Nashuka, natembea, kisha napanda kuvuta pumzi."

Kindi akakaa akafikiri. Halafu akakimbilia kwenye mpapai, akakata kikonyo cha jani, kile kirefu kilicho wazi ndani kama mrija. Akatia ncha moja mdomoni, nyingine akaielekeza juu. Fuu! Fuu! Hewa ikapita.

Akapanda mgongoni kwa Mama Kasa, wakaingia baharini. Kindi akabana pua, akafumba macho, akainamisha uso majini. Moyo ulikuwa ukimdunda, du-du-du-du.

Akafumbua macho.

Lo! Wanangu, hata mimi ninayewasimulia sijui nianzie wapi. Ile bahari aliyoijua ni kelele na povu, kumbe ndani yake ni kimya. Jua lilikuwa limeshuka mpaka chini, linacheza juu ya mchanga kama nyuzi za dhahabu. Matumbawe yamesimama kama miji, mengine ya zambarau, mengine kama matawi ya mti usio na majani. Samaki wa manjano wakaja mia, wakageuka wote kwa pamoja, wakawa fedha. Samaki waitwao pono wanatafuna mawe, kru, kru, kru. Samaki taa mmoja, mpana kuliko mkeka, akapita chini yao pole pole kama anayeruka.

Na kasa! Kasa kumi na zaidi, wazito kama majabali, wanaelea bila uzito wowote. Kule mchangani Mama Kasa alijikokota. Huku anapiga mikono yake mipana mara moja tu, na bahari nzima inampisha.

Kindi alisahau kuogopa. Machozi yalimtoka, yakachanganyika na chumvi ya bahari.

Waliporudi ufukweni, Kindi akageuka kuitazama tena bahari. Maji yalikuwa yakimchuruzika.

"Mama," akasema, "kumbe nilikuwa nakaa mlangoni miaka yote hii!"

"Na wanangu watazaliwa mlangoni hapo, chini ya mkungu wako," Mama Kasa akajibu. "Baada ya siku hamsini na kitu watatoka mchangani. Mimi sitaweza kuwasindikiza. Nchi kavu si mwendo wangu."

"Nenda, mama. Nitawaangalia mimi."

Siku zikapita. Siku ya hamsini na tano, mchana, mvua ikanyesha, mchanga ukapoa. Kindi akashuka kutazama. Alikuta nini? Bwana Nguruwe na mkewe wamekwisha fika! Wameleta chungu, wamewasha moto, na nazi imekunwa tayari.

"Shikamooni," Kindi akasema. "Mnapika nini?"

"Vitoto vya kasa," Bwana Nguruwe akaunguruma. "Nimenusa tangu jana. Mke wangu anasema tungoje watoke wenyewe, ni vitamu kuliko mayai. Na wewe ukileta maneno, utaingia chunguni pamoja nao. Grrm!"

Mchanga ukaanza kutikisika. Kichwa kidogo cheusi kikataka kuchomoza.

Kindi hakungoja. Akachukua mrija wake akajitosa baharini, chubwi! Akazama na mwili wote, mrija peke yake ukabaki juu. Wale wawili wakaangaliana.

"Amekufa," mke akasema.

"Hajafa, mrija unapumua. Fuu, fuu. Husikii?"

Kindi akaibuka. "Lo! Lo! Lo! Macho yangu yameona!"

"Umeona nini?"

"Hapana, mzee. Ninyi endeleeni na vitoto vyenu. Vya huku ni vikubwa mno."

"Vikubwa kiasi gani?" Mke akasimama, mwiko mkononi.

"Kuna samaki mpana kuliko mkeka, bibi! Wengine wamejaa kama wali kwenye sinia."

Uongo hapo haukuwepo hata chembe. Bwana Nguruwe akameza mate. "Tupe na sisi mirija!"

Kindi akakimbia mpapaini, akarudi na vikonyo viwili. "Ingieni mpaka kifuani, tazameni kule kwenye matumbawe. Ila msinyanyue vichwa, na midomo msifungue. Mkifanya hivyo tu, yote yanapotea."

Wakaingia, chubwi, chubwi! Wakainamisha nyuso, makalio juu. Fuu. Fuu. Mara wakatulia tuli. Mkia wa Bwana Nguruwe, uliokuwa ukitikisika kwa uchu, ukasimama.

Nyuma yao mchanga ukapasuka. Kasa wadogo, hata kiganja hawajazi, wakamwagika nje, kumi, ishirini, mia! Tika-tika-tika-tika!

"Huku! Huku!" Kindi akanong'ona, akiwatangulia. "Pitieni katikati ya miguu yao, msiogope!"

Wakaingia majini, wakapita chini ya matumbo ya nguruwe, wakipiga vikono vyao kama wamezaliwa wanajua kila kitu.

Bwana Nguruwe akaona kitu kidogo kinapita mbele ya pua yake. Akashangaa kwa uzuri wake. Kikapita cha pili. Cha kumi. Ndipo akakumbuka chungu.

"Kitoweo changu—" Glubglubglub! Akanywa bahari kama ya wiki nzima. Akaibuka anakohoa, anapiga maji kwa ngumi. "Mke wangu! Inuka! Tumedanganywa!"

Akamvuta mkewe sikio. Mkewe akaibuka mara moja tu kusema, "Nyamaza, baba. Waangalie wanavyokwenda." Kisha akarudisha uso majini.

Kindi alisimama juu ya mwamba akitazama. Mbali kule, panapoanza buluu nzito, vichwa mia vidogo vikaibuka pamoja, vikavuta pumzi ya kwanza ya bahari, puh! vikazama.

Basi, wanangu, mkubwa anayeongozwa na tumbo lake, mdogo mwenye akili humpeleka popote anapotaka.