Firigisi ya Jogoo wa Isulilo

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzi tu ambapo simu zilikuwa tayari mifukoni, kijiji cha Isulilo kilikaa bila jogoo. Mnacheka? Subirini. Ugonjwa wa kideri uliingia Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata hapakuwa na hata kuku wa kumfukuza kwenye mtama ulioanikwa. Wageni wakapikiwa maharage. Wakwe wakapikiwa maharage. Alfajiri ikawa inakuja kimya, watu wanachelewa shamba na kusingizia wake zao.

Wanawake wakafunga safari, kila mmoja kwao alikozaliwa, wakarudi na mayai manne manne. Manne tu, maana kideri kilipita huko pia. Nyamizi, mke wa Luhende, akasema, "Nipeni mimi. Kuku wa kuyaatamia hatuna, lakini mashine ya kutotolesha ninayo." Wakampa huku wanamtazama machoni, na Nyamizi akayaelewa macho yale. Mayai yakiharibika, hakuna pa kuomba tena, na jina litakaloharibika nayo ni lake.

Sasa, mashine ile inataka umeme siku ishirini na moja, usiku na mchana. Isulilo ilikuwa na sola za kijiji na betri moja kubwa, na nyinyi mnajua mambo ya kitu cha wote. Huyu anachaji simu, yule ananyoa vichwa, yule ana redio aliyoisahau inauimbia ukuta. Jua likizama, betri imekwisha. Kila mtu anamlaumu jirani yake, na jirani ana jirani.

Akainuka Kabula, fundi redio, yule binti anayechomeka bisibisi kwenye nywele. Akatengeneza kibao kidogo kama kiganja, chenye chipu inayopima umeme, inayoona nani anakula kiasi gani, na inayowasha na kuzima yenyewe. Watu wakakiita Karani. Betri ikipungua, Karani anamkatia kinyozi kwanza, kisha video, kisha simu, kisha redio. Mashine ya mayai mwisho kabisa. Na chombo kikinyamaza dakika kumi bila kuvuta umeme, Karani anahesabu kimelala, anakikatia, mpaka mwenyewe aje akiwashe.

Siku ya kwanza, betri ikafika asubuhi ina nguvu. Siku ya pili, vilevile. Siku ya kumi na nane, vilevile! Mayai yana joto, simu zina chaji, na watu wakaambiana kumbe umeme haukuwa mdogo, ulikosa wa kuugawa.

Na kila siku Bibi Holo alikuja. Bibi Holo amefuga kuku miaka sitini, ana ugoro puani na maneno mdomoni. Anafungua mlango wa mashine, anachukua yai moja, analigusisha kwenye kope la jicho. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, kwamba mkono hudanganya, kope halidanganyi.

"Bibi, unatoa joto!" Kabula anagombana. "Kipimo si hicho hapo, kinaonyesha namba?"

"Namba zako ziliwahi kuatamia, mjukuu wangu?" Bibi anajibu, anarudisha yai, anaondoka zake.

Siku ya kumi na tisa kulipambazuka na joto la kutoa jasho kisogoni. Siku zote upepo ulikuwa unavuma, na mashine ilikuwa inavuta umeme kila baada ya dakika tatu, nne. Siku hiyo ikashiba joto. Ikanyamaza. Ikanyamaza dakika kumi. Karani akahesabu imelala, akaikatia. Hakuwa na ubaya, alitii alivyoagizwa. Mchana mawingu yakafunga, mvua ikashuka, baridi ikaingia ndani ya mashine, na Nyamizi yuko kisimani hana habari.

Saa kumi jioni Bibi Holo akafika. Akafungua mlango. Akachukua yai. Kope likaruka.

"Limepoa!" Bibi akashika sufuria na mwiko, akapiga mpaka sufuria likabonyea. "Wanawake! Njooni na vifua vyenu!"

Wakaja mbio kwenye mvua. Nyamizi akafika ameloa, akaona mashine imezima, akakaa chini akilia. Bibi Holo akamwambia, "Utalia ukiwa umebeba." Akamtia mayai manne kifuani, akamfunga khanga. Kila mwanamke akatia yake. Eeh, mngewaona! Wake za watu wamejikunja, hawapigi chafya, hawachekani, na kicheko kinawabana. Mjumbe wa nyumba kumi, mama mnene anayeheshimika, anatembea kama mtemi kwa ajili ya mayai manne. Wanawake wa Isulilo siku hiyo waliatamia.

Kabula akaja, akamfungua Karani, akaunganisha simu yake, akasoma. Uso ukamshuka.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikumwambia kwamba mashine ya mayai hunyamaza ikiwa imeshiba. Nilimfundisha kwa redio." Akaandika agizo jipya, kwamba hii hata ikinyamaza isiguswe. Mashine ikawaka. Kisha ikafifia. Kabula akatazama namba. "Mbona betri inaisha? Karani amekwisha kumkatia kila mtu, na bado kuna anayekula. Simwoni!"

Hapo, ng'ambo ya barabara, kikasikika kibanda umiza kizima: "Penaltiii!"

Mwenye kibanda hicho cha video alikuwa Masunga, na Masunga alikuwa amepitisha waya wake kwa nyuma, moja kwa moja kwenye betri, Karani asimwone. Ilikuwa fainali, moja kwa moja. Mpira umewekwa kwenye alama, wanaume themanini wameshika pumzi, Luhende mume wa Nyamizi kiti cha mbele. Masunga akachungulia dirishani kuuliza kelele za sufuria ni za nini. Akamwona mama yake mzazi kwenye mvua, ameshika kifua kwa mikono miwili.

"Mama, unaumwa?"

"Nimebeba kuku wa kijiji, mwanangu. Umeme umekwisha."

Hakuna aliyemshuku Masunga. Angeweza kunyamaza, mpigaji apige. Akatazama runinga, akamtazama mama yake, akashika waya akauchomoa. Giza. Wanaume wakamrukia, wakamchania shati. Akatoka nalo hivyohivyo mpaka kwa Kabula, waya mkononi, akasema mbele ya watu, "Ni mimi niliyekuwa nakula gizani." Betri ikatulia, mashine ikawaka, mayai yakarudishwa moja moja.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, Nyamizi akasikia: tii. Kisha tii, tii. Kisha mashine nzima ikawa soko! Akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na kijiji kikaitikia. Miezi ikapita, na alfajiri moja jogoo mmoja akajaribu, sauti ikakatika katikati, akajaribu tena: kokorikooo! Watu walitoka nje na mashuka. Wengine walicheka, wengine walilia, na waliochelewa shamba siku hiyo walikuwa na sababu.

Jogoo wa kuchinja wakapatikana, sherehe ikaitishwa nyumbani kwa Nyamizi, jogoo wa kwanza akaingia chunguni. Na mnajua, jogoo mmoja ana firigisi moja. Firigisi haikatwi vipande. Hupewa mkubwa wa shughuli, kwa mikono miwili, na wote wanatazama.

Luhende akanawa mikono. "Basi, mimi ndiye mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba alikuwa kwenye penalti," mkewe akamwambia. Watu wakaangua kicheko, Luhende akajipangusa mikono yake safi.

Bibi Holo akasema, "Firigisi ni yangu. Karani alikuwepo na namba zake, hakusema kitu. Kope langu ndilo lililosema. Bila mimi mngekula mayai yaliyooza."

Kabula akasema, "Firigisi ni yangu. Siku kumi na nane nani aliyatunza, kope? Bila Karani betri ingekufa siku ya kwanza. Nilikosea, nikasahihisha. Na wewe Bibi, kila siku ulikuwa unafungua mlango unatoa joto!"

"Mwanamke hali firigisi," akasema mzee mmoja kutoka pembeni.

"Mwanamke haatamii mayai pia," Bibi Holo akamjibu, "na wewe mkeo aliatamia manne." Mzee akarudi kwenye ugoro wake.

Masunga akainuka, amevaa shati jipya. "Firigisi ni yangu. Bibi aliona, Kabula akarekebisha, lakini bila umeme wangu mashine ilikuwa inafifia. Nilipoteza fainali, wateja na shati."

"Umeme wako?" Kabula akaruka. "Ulikuwa wetu! Mwizi anarudisha mbuzi, tumchinjie mbuzi?"

"Mwizi ni yule aliyekamatwa," Masunga akasema taratibu. "Mimi sikukamatwa. Nilijitaja."

Bibi Holo akatia ugoro mwingine puani.

Nyamizi akachota firigisi, akaiweka kwenye sahani nyeupe, akasimama katikati yao. Akamtazama aliyegundua. Akamtazama aliyetengeneza, akakosea, akatengeneza tena. Akamtazama aliyeiba na kujitaja. Machozi ya furaha yanamtoka, mikono miwili imeshika sahani, jogoo wanawika nyuma ya nyumba kana kwamba wanapiga kura, na mchuzi unapoa.

Mimi nimefika hapo, na sahani nimewaachia nyinyi. Msiniambie muikate vipande, firigisi haikatwi. Je, nani alistahili?