Nungunungu na Kioo Kilichojibu Kila Swali

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa nini?
— Pakawa swali, likakalia kiti cha jibu.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule kando ya mto, na mwalimu wao alikuwa Korongo. Sheria yake ilikuwa moja: asemaye jambo ataje amelijuaje. Ameliona, amelisikia, au amelikisia. Jibu lisilo na ushahidi halikupata alama.

Nungunungu alikwisha kushindwa mtihani mara mbili. Akishindwa mara ya tatu, angeondolewa shuleni, arudi kuchimba mizizi. Naye alipenda kusoma kuliko kula.

Asubuhi ya mtihani, Kima akaja na kioo chenye sauti. Akakiuliza idadi ya milima, kikajibu. Akakiuliza majina ya mababu wa Tembo, kikajibu. Akakiuliza dawa ya homa, kikajibu. Wanyama wakashika vinywa.

"Dada Nungu," Kima akasema, "mizizi inakungoja."

"Iache ingoje, kaka. Haina miguu."

Korongo akauliza: "Jioni nyati watavuka mto na ndama wao. Maji ya kivuko yana kina gani?"

Kima akakinong'oneza kioo. "Yanafika magotini mwa nyati, mwalimu."

"Umejuaje?"

"Kioo kimesema."

Korongo akakigeukia kioo. "Umeyaona maji?"

"Sikuyaona."

"Umesikia habari zake?"

"Kwa wengi."

"Nao waliyaona lini?"

"Hawakuniambia."

"Nawe, Nungunungu?"

"Sijui, mwalimu."

Wanyama wakacheka. Nungunungu akangoja wamalize. "Naomba ruhusa hadi jioni, nikajue."

Akapewa. Akashuka kivukoni, akapima maji, kisha akang'oa mwiba mgongoni mwake na kuuchomeka ukingoni. Maji yakapanda, yakaumeza. Adhuhuri akachomeka wa pili. Yakaumeza. Alasiri akachomeka wa tatu. Yakaumeza.

Jioni akasimama mbele ya wote. "Kioo hakikusema uongo. Asubuhi maji yalifika magotini mwa nyati, nimeyapima. Lakini tangu hapo mto umemeza miiba mitatu, na bado unapanda; nimeona. Kwamba mvua imenyesha milimani, hilo nakisia. Ndama wasivuke."

Kabla hajaketi, gogo kubwa likapita kivukoni, likibingirishwa na maji kama ubua wa mtama. Nyati wakautazama mto, kisha wakakitazama kile kichwa kidogo kilichousoma kwa siku moja, wakarudisha ndama wao nyuma.

Kioo kikasema polepole: "Hilo sikuwa nalo. Nifundishe."

Korongo akainamisha shingo yake ndefu mbele ya mwanafunzi wake. "Umefaulu," akasema.

Wasikilizaji wangu, funzo ni hili: kubeba majibu ya wengine ni jambo kubwa, lakini akili huanza pale mtu anapokiri hajui, kisha akaenda kutazama.

Hadithi yangu imefika ng'ambo, miguu mikavu. Anayeitilia shaka nampongeza. Aanze na mimi: aniulize nimejuaje.